Yah: Kuporomoka kwa Bei ya Kura Mbamba Bay

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU),
Dodoma.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, sisi wapigakura wa Mbamba Bay tulikuwa wafanyabiashara halali. Mwaka 2000 Bunge liliingiza takrima kwenye Sheria ya Uchaguzi, ati mgombea atukirimu kwa mujibu wa mila zetu. Kwa mila ninazozijua mimi, mwenyeji ndiye hulisha mgeni. Huyu alikuwa mgeni anayelisha wenyeji, tena kila baada ya miaka mitano. Hatukuhoji. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikatuharibia: takrima ni kinyume cha Katiba. Kesi waliifungua wanaharakati ambao hawajawahi kuanika dagaa wetu, usipa.

Tukajirekebisha. Ikawa nauli, hela ya maji, hela ya sabuni. Mkutano ukiisha pale ufukweni mnaagana kwa mikono, na noti ya elfu tano iliyokunjwa mara nne inahama kiganja bila kukatiza “karibuni tena”. Jirani yangu bado ana fulana ya kampeni. Anafunikia usipa kichanjani. Jua limeshafuta macho ya mheshimiwa, tabasamu limebaki.

Taabu ilianza 2019. Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wagombea wa upinzani walienguliwa kwa maelfu, wengi kwa makosa ya kujaza fomu, CHADEMA ikasusa, na CCM ikazoa zaidi ya asilimia 99 ya vijiji. Novemba 2024 mambo yakawa karibu yaleyale. Sasa nani ahangaike kutununua? Soko lote limehamia kwa wajumbe wa kura za maoni za CCM. Wao ndio wanaopigiwa simu usiku na kurudi na vitenge. Tangu 2020 nchi nzima inasema wajumbe si watu wazuri. Mimi nawaonea wivu tu.

Maana, tusidanganyane, kijiweni hatusemi “wanahonga”. Tunasema “hawajatufikia”. Mtumishi aliyekaa ofisini miaka kumi bila kujenga tunamwita mjinga. Aliyekwapua akachangia harusi tunamkalisha meza kuu na kumfanya mlezi wa kwaya. Mkutano wa kijiji wa kusomewa mapato na matumizi hauna watu, lakini ikisikika harufu ya pilau ya mgombea, hata wagonjwa wanafika. Lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga imejengwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, deni letu na wajukuu zetu, nasi tunawapigia waheshimiwa vigelegele kana kwamba wametoa mfukoni.

Kwa hiyo naomba mawili. Turudishieni wapinzani kwenye karatasi ya kura, bei ipande. Na kwa bahati mbaya, huenda mgombea mmoja akaishiwa noti akalazimika kutuuliza tunataka nini. La pili, ofisa wenu aje kabla wajumbe hawajakaa, asije baada ya matokeo, na chumba chake cha gesti alipie mwenyewe.

Najua Sheria yenu ya 2007 inamtia hatiani mtoaji na mpokeaji sawasawa. Basi mkija kukamata, Landkruza moja haitatosha. Leteni mabasi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mpigakura, Wilaya ya Nyasa.