Panya na Karatasi za Kifipa

Mume wangu ni mtu wa Pangani. Tulipohamia Chala, huku Ufipa, kwa bibi yangu mzaa mama, aliapa kujifunza Kifipa peke yake, bila kumsumbua mtu. Bibi anasikia Kiswahili, lakini habari zake za ujana na za ndugu zake waliotangulia huzisimulia kwa Kifipa tu, na mume wangu alichoka kuwa mgeni kwenye meza yake mwenyewe.

Kitabu cha kujifunzia hakukipata Chala wala Namanyere. Basi akaniuliza jina la kila kitu, akaandika kwenye karatasi za daftari, akabandika nyumba nzima: mlango, kinu, ndoo, chungu cha maharage, mpaka kitanda cha bibi. Gundi hatukuwa nayo, akakoroga uji mzito wa ulezi.

Usiku panya wakaja. Ulikuwa mwezi wa Juni, na baridi ya Ufipa inajulikana. Panya huikimbilia nyumba yenye joto, na yetu ilikuwa imepakwa chakula ukutani. Walizifuata karatasi moja baada ya nyingine. Waliangusha chungu, maharage ya kesho yakamwagika, wakatoboa gunia la ulezi wa mbegu. Bibi aliamshwa na panya aliyekuwa akitafuna jina la kitanda karibu na sikio lake. Yowe alilopiga liliwaleta majirani na marungu na tochi.

Asubuhi hakugomba. Alikusanya karatasi zilizosalia, akawashia moto jikoni, akamwita mwanafunzi wetu kwa utani wa bibi na mume wa mjukuu: “Mume wangu, njoo ukae hapa.” Tangu siku hiyo humwagiza kwa Kifipa: kuni, maji, chumvi. Akileta sicho, anarudishwa. Sauti za Kifipa hupanda na kushuka, na hilo karatasi zetu hazikulionyesha hata kidogo. Mvua ilipofika alimpeleka shambani, kwenye yale matuta ya mviringo yanayofukiwa nyasi zioze ziwe mbolea. Huko akapata vitenzi vyake.

Ufipa imewahi kuwaona wanafunzi wa namna hii. Mapadri Weupe walifika Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika lao mwaka 1868, aliwaagiza waizungumze lugha ya wenyeji hata wao kwa wao.

Kilichokuwa kikiniuma ni watoto wetu. Shule za msingi zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967, na ni vyema, maana ndicho kilichonikutanisha na baba yao. Lakini bibi akiwauliza kwa Kifipa, walikuwa wakimjibu kwa Kiswahili. Sasa wanamsikia baba akikosea, wanagombania kumsahihisha, na ili wamsahihishe inabidi waseme.

Ikiwa kwenu yuko bibi au babu mwenye lugha usiyoijua, usingoje kitabu. Nenda jikoni leo jioni, umwombe akuagize maji kwa lugha yake.