Sketi Ilivyopanda: Mavazi 7 ya Baleti ya Karne ya 19

Mwanzoni mwa karne ya 19 sketi ya mcheza baleti ilimfunika miguu karibu yote. Karne ilipokwisha, ilikuwa imepanda hadi magoti yako nje. Si mitindo peke yake iliyoipandisha. Kazi ya miguu ndiyo iliyoipandisha, na gharama yake aliibeba aliyeivaa. Nahesabu kutoka mkiani. Anayependa kubisha abishe, ila kwenye namba moja sirudi nyuma hata hatua.

7. Viatu vya Marie Taglioni

Viatu vya mcheza baleti huyu vilikuwa laini, vya satini, havina kichwa kigumu kama vya leo. Kilichomsimamisha juu ya vidole ni misuli yake, pamoja na uzi uliotililiwa pembeni mwa kiatu. Inasimuliwa kwamba alipoiaga St Petersburg mwaka 1842, washabiki walinunua jozi moja kwa rubo 200, wakaipika, wakaimwagia mchuzi, wakaila. Na wewe uliyeomba picha tu unajiita shabiki!

6. Nguo za wanasesere wa Victoria

Kabla hajawa malkia wa Uingereza, Victoria alikuwa binti mpweke mwenye wanasesere wa mbao 132. Yeye na mlezi wake, Louise Lehzen, waliwashonea nguo kwa mkono, na baadhi yao waliwaiga wasanii aliowaona jukwaani, Taglioni akiwamo. Wateja 132, na hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba kwapa linabana.

5. Suruali ya Franz

Mwaka 1870 Paris ilionyesha baleti ya *Coppélia* kwa mara ya kwanza. Franz, kijana anayependa mwanasesere, alichezwa na mwanamke: Eugénie Fiocre, kavaa kiume. Sababu haina siri. Matajiri waliolipia viti vya msimu mzima walitaka kuona miguu ya wanawake, na suruali ya kubana iliionyesha vizuri kuliko sketi yoyote. Wanaume wa Paris waliojua kucheza wakabaki kunyanyua wenzao na kusimama pembeni. Huo ulikuwa uonevu, nami nauita kwa jina lake.

4. Lasi nyeusi ya Fanny Elssler

Taglioni alikuwa ukungu. Elssler alikuwa na mwili. Mwaka 1836, katika *Le Diable boiteux*, alitoka na kastaneti mkononi, gauni la satini ya waridi lenye lasi nyeusi, akacheza cachucha ya Kihispania hadi Paris ikagawanyika kambi mbili. Théophile Gautier, mshairi na mhakiki, alimwita Taglioni mchezaji wa Kikristo na Elssler wa kipagani. Mwaka 1840 Elssler alivuka bahari kwenda Marekani, na wazimu ukamfuata hukohuko. Ukiniuliza mimi ningekaa kambi gani, nitakujibu kwamba tiketi ni mbili.

3. Mkasi wa Virginia Zucchi

Hapa tusikimbie. Zucchi, Mwitaliano, alifika St Petersburg mwaka 1885 akakuta sketi ndefu kuliko alizozizoea. Akazifupisha. Wakubwa wakashtuka, watazamaji wakajaa. Wengi waliona ufupi huo ni ujeuri. Mimi naona ni mahitaji ya kazi. Miaka kumi baadaye, katika *Swan Lake* ya 1895, Mwitaliano mwenzake Pierina Legnani alizunguka mara 32 juu ya mguu mmoja, mguu wa pili ukichapa hewa kila mzunguko. Hebu fikiria kufanya hivyo na sketi inayofika chini ya magoti: kitambaa kinajisokota, kinavuta nyonga, kinaficha goti ambalo mtazamaji kalipa kuliona likinyooka. Waitaliano walikuja pia na viatu vyenye ncha ngumu zaidi. Kiatu kilipokaza, mzunguko ukaongezeka. Mzunguko ulipoongezeka, sketi ikapanda.

2. Sketi ya binti wa dobi

Mwaka 1881 Edgar Degas alionyesha Paris sanamu ya nta ya binti wa miaka 14, ndani ya kabati la kioo. Nta ile aliivisha sketi ya kitambaa halisi, viatu halisi, nywele zenye utepe halisi. Wahakiki walimtukana yule binti kwa sura yake. Baadhi wakamfananisha na nyani. Aliitwa Marie van Goethem, mwanafunzi wa shule ya baleti ya Opera ya Paris, na mama yake alikuwa dobi. Baada ya Degas kufa, sanamu ilinakiliwa kwa shaba, na sketi za nakala hizo huchakaa, hubadilishwa, hata urefu hutofautiana toka jumba hadi jumba. Mafundi bado wanambishania Marie pindo!

1. Gauni jeupe

Tarehe 12 Machi 1832, Opera ya Paris. Taglioni anatokea katika *La Sylphide*: kifua kimebanwa, mabega wazi, mbawa ndogo mgongoni, sketi nyeupe iliyotanuka kama kengele. Gesi ilikuwa imeingia Opera tangu 1822, na mwanga wake ulipopenya tabaka za melimeli, mtu alionekana hana uzito. Mji ukaiga nywele zake zilizogawanywa katikati, na gazeti la mitindo likachukua jina *La Sylphide*.

Melimeli na gesi. Hapo ndipo mzaha wangu unapokoma.

Mwanafunzi wa Taglioni, Emma Livry, alitungiwa na mwalimu wake *Le Papillon*, 1860, hadithi ya kipepeo anayeungua mbawa kwenye mwenge. Tangu 1859 serikali ilitaka nguo za jukwaani zichovywe dawa ya kuzuia moto. Dawa iliikakamaza nguo na kuifubaza. Emma aliandika barua: atacheza na sketi yake ya kawaida, na lolote litakalotokea ni juu yake. Tarehe 15 Novemba 1862, kwenye mazoezi, sketi iligusa taa ya gesi. Aliishi na majeraha miezi minane, akafa akiwa na miaka 20.

Wako wanaomlaumu kwa kujipenda. Simlaumu. Alijua kwamba nguo iliyokakamaa ingeua uchezaji wake, na hakuna aliyempa njia ya tatu. Mwaka 1881 ukumbi wa Savoy wa London ukaanza kumulikwa kwa umeme, na kumbi nyingine zikafuata. Melimeli haikubadilishwa, ilibadilishwa taa, karibu miaka 20 baada ya Emma.