Paka Mwenye Udhuru

Kwetu Tanga, paka akikonda aibu ni ya mwenye nyumba. Hiyo ni kauli ya mama yangu, nayo ndiyo iliyomfikisha paka wetu Tajiri kilo 7, ilhali paka wengi wa majumbani huishia 4 au 5. Kupanda ukuta alishaacha, na kujilamba mgongo pia, maana shingo haikufika. Panya walipita mbele yake, wakaangaliana, kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Daktari wa mifugo alimpapasa ubavuni akitafuta mbavu. Akatafuta tena. Paka mwenye afya, alisema, ukimgusa tu unazihisi. Akatoa masharti: chakula kipimwe, makombo ya mezani marufuku, na apungue taratibu, asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki. Kwa Tajiri ni gramu 70 hadi 140.

Mama akaona tunajisumbua bure. "Ramadhani hiyo inakuja, mwanangu. Afunge kama sisi."

Daktari alishtuka. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini, likalemewa, na anaweza kufa. Apunguziwe, asinyimwe.

"Kumbe ana udhuru!" mama akasema, na tangu siku hiyo kila kipande cha samaki kilichomponyoka jikoni kilikuwa na hoja ya kisheria.

Kasheshe yenyewe ilikuwa mizani. Nilimtia Tajiri kikapuni nikampeleka sokoni kwa muuza samaki, mwenye mizani ya kuning'iniza. Harufu ya changu ilipompata, kikapu kikaanza kucheza na mshale ukacheza nacho: 6, 8, 6 na nusu. Wateja wakasogea. Mmoja akauliza bei. Muuza samaki, mtu wa huruma, akamtupia kichwa cha kibua ili atulie. Mshale ukasimama kwenye 7 na kidogo.

"Hicho kidogo ni kibua," akanihakikishia. Uzito wa kikapu hakuutaja.

Sasa namtumia yule kijana anayepima watu uzito kando ya barabara. Napanda peke yangu, kisha napanda nimembeba paka, natoa. Nalipa mara mbili, na kijana husoma namba zangu kwa sauti mpaka wauza machungwa wanazijua. "Na wewe, mzee," aliniuliza juzi, "daktari wako anasemaje?"

Tajiri amefika 6 na nusu. Mama anasema tumemdhulumu. Mwenyewe ameanza tena kupanda ukuta, na nyuma ya ukuta huo kuna majiko matatu ya watu wakarimu. Majirani zangu, nawaombeni sana: akija kulia mlangoni kwenu kana kwamba hajaona chakula tangu juzi, ameshakula. Tena kwa gramu.