Yah: Maombi ya Kuunganishiwa Maji kwa Mkungu Mmoja

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Wakazi wa uchochoro mmoja wa Mwananyamala, jijini Dar es Salaam, wanakusalimu kwa unyenyekevu na kukujulisha kuwa mafundi wako wamekuja kwa mara ya nne. Wamechimba, wamefunga bomba linalovuja kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, wamefukia nusu shimo, kisha wakasema yaleyale ya mara tatu zilizopita: mizizi ni ya jirani, mkaelewane. Wakapanda gari.

Majirani wenyewe ni mama mjane, ambaye mkungu wake ulipandwa na marehemu mumewe, na mwalimu mstaafu, ambaye bomba la kumletea maji linapita chini ya ukuta wa mama huyo. Walikuwa wakipelekeana futari. Siku hizi mwalimu akikohoa, mama anafunga dirisha. Wamefikishana kwa mjumbe, kwa mwenyekiti wa mtaa, hadi Baraza la Kata. Baraza likasema hili ni la ardhi, na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 halina mamlaka ya kuamua kesi za ardhi, kazi yake ni kusuluhisha. Likasuluhisha. Wakatoka, kila mmoja akashika njia yake.

Mafundi wako wamesahau jambo moja dogo: mzizi hauna meno. Bomba zima, lenye maungio yaliyokaza, mkungu unaweza kukaa nalo miaka bila ugomvi. Unachofuata ni unyevu. Ungio likivuja, udongo ukilowa, vijizizi kama nywele vinasongamana pale, vinanenepa, vinalisukuma hadi linaachia. Bomba lilianza, mzizi ukafuata. Na ungio lenyewe liko kabla ya mita ya mwalimu, Mheshimiwa. Ni lako.

Siku za mgao bomba likikauka, tundu hilohilo linanyonya tope. Jumamosi alfajiri mwalimu alikinga ndoo, ikajaa maji ya rangi ya chai, vijizizi vitatu vikielea juu. Akavitia kwenye chupa akavipeleka ofisini kwako. Dirishani akapewa fomu.

Sasa, kwa kuwa ofisi yako imeridhika kwamba anayekunywa maji yanayovuja ni mkungu, wakazi wanaomba uandikishwe kuwa mteja. Kitambulisho cha taifa hauna, ila barua ya mwenyekiti ipo, na picha ya pasipoti imepigwa, ingawa masikio hayaonekani vizuri. Alama za vidole zichukuliwe mizizini, ambapo mafundi wako wanapafahamu kuliko kwao. Mita ifungwe shinani, usawa wa macho, ili msoma mita asisingizie mbwa. Jana ungio lilijaza ndoo ya lita 20 kwa dakika moja: kwa siku ni lita 28,800, karibu uniti 29. Bili hiyo itumwe kwa mkungu wenyewe, pamoja na ule ujumbe wa simu wa kumkumbusha ndugu mteja deni lake. Ukikaidi, ukatiwe. Ukatiwe maji, usikatwe. Kukata mti kunataka kibali cha halmashauri, na huko wakazi wameshakwenda, wakaambiwa walete barua kutoka kwako.

Mengine ni madogo. Shimo lifukiwe. Mita ya mwalimu iache kuhesabu upepo. Tyubu irudishwe kwenye baiskeli.

Watu wazima wawili, waliozikiana na kulea watoto pamoja, hawasalimiani kwa sababu ya kipande cha plastiki kinachouzwa duka la vifaa pale kona. Mmegombanisha nyumba mbili ili msibadilishe ungio moja! Mnawatoza hela, kisha mnawaachia matusi watukanane wao kwa wao, nyinyi mkae pembeni kama wapatanishi. Hamna haya.

Ukali huo ufutwe kwenye kumbukumbu, Mheshimiwa. Wakazi wanabaki wateja wako watiifu, na wanasubiri ujio wa tano kwa hamu. Wanaomba tu safari hii dereva asiegeshe gari chini ya kivuli cha mtuhumiwa, wala mafundi wasilale hapo baada ya chakula, kama walivyofanya mara zote nne.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wakazi, pamoja na mkungu (dole gumba: tazama shimoni)