Mjamzito Naye Aambiwe: Waraka kwa Wizara ya Afya

Waheshimiwa,

Najua malaria, kifua kikuu na vifo vya uzazi vinawasubiri mezani kila asubuhi, na siwaombi mviweke kando. Nawaandikia kuhusu Zika, jina ambalo sijawahi kulisikia likitajwa mbele ya akina mama waliopanga foleni kliniki na kadi zao mkononi.

Virusi hivi ni vya kwetu Afrika Mashariki. Viligunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, Uganda, kwenye damu ya tumbili aliyefungiwa kwenye tundu na watafiti waliokuwa wakifuatilia homa ya manjano. Mwaka uliofuata vikapatikana kwa mbu wa msitu huohuo. Kwa miongo mingi vilihesabiwa kuwa chanzo cha homa nyepesi tu: vipele, macho mekundu, maumivu ya viungo, basi. Wengi wanaoambukizwa hawahisi hata hayo.

Brazil ndiyo iliyolipia ufahamu tulio nao leo. Mwaka 2015, mjini Recife, mama na binti yake, wote madaktari wa mishipa ya fahamu, waliona watoto wachanga wenye vichwa vidogo wakiongezeka isivyo kawaida, wakapaza sauti. Katika jimbo la Paraíba, Daktari Adriana Melo akatuma maabara maji ya uzazi ya wajawazito wawili, na virusi vikaonekana humo. Februari 1, 2016, Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura. Sasa tunajua kwamba virusi hupenya kondo la nyuma na kushambulia seli changa za ubongo wa mtoto. Kichwa kidogo ni sehemu tu ya madhara. Kuna macho yasiyoona vizuri, masikio yasiyosikia vizuri, degedege, viungo vilivyokakamaa. Wapo waliozaliwa na kichwa cha kawaida, ubongo wao ukashindwa kukua baadaye. Shirika hilo linakadiria kuwa kati ya watoto 100 wa mama walioambukizwa wakiwa wajawazito, 5 hadi 15 hupata madhara, na mama anaweza kuwa hakuumwa hata siku moja.

Waheshimiwa, hapa ndipo ninapolazimika kuwakumbusha Desemba 2016. Daktari Mwele Malecela, akiwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, alieleza hadharani kwamba utafiti umeonyesha dalili za maambukizi ya Zika nchini Tanzania. Siku iliyofuata aliondolewa kwenye nafasi yake. Serikali ikawahakikishia wananchi kwamba Zika haipo.

Ilikuwepo hoja halali ya kisayansi. Kingamwili za Zika na za dengue hukaribiana mno, kipimo kinaweza kuzichanganya, na kuonekana kwa maambukizi hakumaanishi kuna mlipuko. Hoja ya namna hiyo hujibiwa kwa kurudia vipimo na kuchapisha matokeo. Mtafiti kupoteza kiti hakuondoi kirusi katika damu ya mtu. Kunawafundisha watafiti wengine kunyamaza, na anayelipia ukimya wao ni mwanamke mwenye mimba ya wiki nane ambaye hakuwepo maamuzi yalipofanyika wala hakuulizwa.

Mjamzito mmempa chandarua, nasi tunashukuru, kwa kuwa mbu wa malaria huuma usiku. Lakini Aedes, mbu wa Zika na dengue, huuma mchana, hasa asubuhi na kabla ya magharibi, mama akiwa anafua uani. Huzaliana kwenye maji tuliyokinga wenyewe: mapipa yasiyo na mifuniko, ndoo, matairi, vifuu. Dar es Salaam imeshamwona akieneza dengue zaidi ya mara moja. Nesi akimwambia mama afunike pipa kwa sababu ya dengue, kutaja na Zika kutampunguzia nini?

Baba naye aitwe. Virusi hivi huambukizwa pia kwa kujamiiana, na mwanamume anaweza kuwa navyo bila dalili. Mwaka 2016 viongozi wa El Salvador waliwashauri wanawake wasishike mimba hadi 2018, kana kwamba mimba wanajipa wenyewe. Naomba sisi tusiige. Mwanamume aliyetoka kwenye eneo lenye maambukizi atumie kondomu muda wote wa ujauzito wa mkewe, na aambiwe hivyo na mhudumu wa afya. Asiachiwe mkewe kazi ya kumbembeleza.

Ombi langu la mwisho ni la gharama ndogo. Kila mtoto apimwe mzunguko wa kichwa anapozaliwa, kipimo kiandikwe, na takwimu za mikoa yote zitangazwe kila mwaka, ziwe zinapendeza au hazipendezi. Mkunga atakayekuwa wa kwanza kuona vichwa vidogo vikiongezeka katika wodi yake ahakikishiwe kwa maandishi, yenye saini zenu, kwamba akisema atabaki kazini.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi