Barua ya Wazi kwa Mwenye Muhuri wa Viwanja

Mkubwa,

Nakuandikia kutoka kartie yetu ndogo ya kando ya ziwa, mwendo mfupi wa mguu kutoka katikati ya Uvira. Hapa ni kwa wazamani: miembe walipanda wazee wetu, na dukani kila mtu anajua deni la mwenzake.

Namshitaki jirani. Jina lake Tanganyika. Mwaka 2021 aliingia uani bila hodi. Akaondoka, akarudi 2024, akachukua jiko zima. Mafiga ya mke wangu bado yako palepale, matatu, visamaki vinapita katikati bila wasiwasi. Usiku kiboko anatembea kwenye avenyu yetu. Mtoza ushuru wako hajamfikia bado.

Nilikuja bironi. Kijana wako akaniuliza: «Mzee, nani alikutuma kujenga ndani ya ziwa?» Nikamtolea karatasi ya kiwanja. Upande wa mashariki imeandikwa «ziwa», na chini muhuri, wenu, wa buluu, umekolea vizuri. Akautazama sana. Kisha akaomba pesa ya kufungua dosie.

Tuseme ukweli, hati ya jirani ni ya zamani kuliko yangu. Maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Karne ya 19 mlango huo uliziba kwa tope na majani, ziwa likapanda. Mnamo 1878 ukafunguka, maji yakashuka mita nyingi, ufukwe ukabaki mkavu. Kumbe mlitugawia uwanja wa mtu aliyesafiri tu.

Sasa mnasema tuhamie juu, milimani. Huko ndiko mto Mulongwe ulikotoka Aprili 2020, ukabeba nyumba na watu. Wale hatuwafanyii mzaha. Ila utuambie, Mkubwa, kati ya mlima na ziwa mmebakiza mita ngapi, na nani ameshazinunua?

Kodi nalipa ya kiwanja kizima. Ile nusu iliyo majini niendelee kukuletea wewe, au niwapelekee watu wa uvuvi?

Ukija kupima, acha gari barabarani. Mtumbwi utakungoja kwenye mwembe wa pili. Wa kwanza umeanguka. Nguzo ya mpaka hutaikosa: ndiyo ile anayokalia mdiria akivua.