Mvua Inanyesha, Bustani Inamwagiliwa

Masika ya Dar es Salaam ni Machi hadi Mei, na katika miezi hiyo mtu hamwagilii hata mchicha. Mhasibu mmoja mstaafu wa Mbezi Beach alimwagilia. Saa kumi na moja kamili alfajiri, mvua ikipiga bati kama mdundiko, vinyunyizio vya mtambo wake wa kujiwasha vilichomoza ardhini vikaanza kuzunguka. Mlinzi wa jirani alitoka na mwavuli aje atazame.

Mtambo unajua saa, mawingu haujui. Ndiyo maana huko Florida, ambako mvua za majira ya joto hushuka mara nyingi alasiri, tangu 1991 sheria inamtaka anayefunga mtambo mpya wa namna hii aufunge pamoja na kifaa cha kuuzuia unyevu ukitosha, kama sensa ya mvua. Mzee naye akanunua yake.

Ni kidude kidogo, ndani mna visahani vilivyopangwa kama chapati. Vikilowa huvimba, vikivimba husukuma swichi, umeme wa kwenye vali ukakatika na maji yakasimama. Vikikauka hunywea, kazi ikaendelea. Unaitegesha ikate baada ya milimita 3 za mvua, au isubiri hadi 25.

Fundi aliipokea kwa heshima zote za bei yake, akaifunga chini ya upenu. Isilowe.

Haikulowa. Mvua ilishinda ikinyesha, sensa kavu kama biskuti, vinyunyizio kazini. Mzee akageuza bahasha ya bili ya maji, akapiga hesabu: milimita 1 kwenye mita moja ya mraba ni lita 1, bustani yake ni mita za mraba 200, kila alfajiri inakunywa milimita 10. Lita 2,000! Matangi mawili mazima, kuogesha nyasi zinazooga.

Sensa ikahamishiwa kwenye nguzo, peupe kabisa, hatua tatu kutoka kwenye kinyunyizio. Masika yakaisha. Sasa kila maji yalipofunguliwa, sensa ililoweshwa ya kwanza, ikaamini mvua imekuja, ikafunga. Kufikia Agosti nyasi zilikuwa na rangi ya mkeka.

“Mzee wangu,” mkewe alisema, “hii si sensa, ni mwali. Tone moja tu, kajifungia ndani.”

Safari ya tatu ilipandishwa ukingoni mwa paa, mbali na mwembe na mbali na vinyunyizio. Vuli ilipoanza, mzee alitoka alfajiri na tochi, kikoi kiunoni. Mvua inamwagika, vinyunyizio kimya. Akasimama hapohapo, anachekelea, maji yanamtiririka hadi kisogoni.

Mkewe akafungua dirisha, akamuuliza kama visahani vyake yeye bado havijavimba.